Maua ya Nyakio Yaliyohamia Karen

Nanyama hakuweza kuvumilia magugu. Akipita kando ya shamba la mtu na kuliona limechafuka, mikono ilimwasha kana kwamba ametukanwa yeye. Kwao Kitosh, magharibi mwa Kenya, alikozaliwa na kuolewa, mama mkwe humtazama mwali namna anavyoshika jembe kabla hajaonja ugali wake, na Nanyama alikuwa amesifiwa tangu msimu wake wa kwanza. Sifa ile ilimkaa kichwani. Ndiyo iliyokuja kumponza.

Alipomfuata mumewe Nairobi, na mtoto wao Naliaka mgongoni, alikuta chumba kimoja Kawangware na kiuanja ambacho kuku wawili wangekigombania. Mumewe, Zedekiah, alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja huko Karen. Alipanda baiskeli alfajiri akapalilia waridi za watu, naye mkewe akabaki kufagia kizingiti kilichokwisha fagiwa. Mwanamke wa jembe bila shamba! Nanyama alikaribia kurudi kwao.

Aliyemwokoa ni Nyakio. Huyu alikuwa mjane wa Kikuyu ambaye hakujaliwa mtoto, na shamba alilorithi kwa marehemu mumewe liliteremka hadi kijitoni. Siku moja alimwona mgeni huyu akiutumbulia macho udongo wake mwekundu.

"Wewe mama, unaangalia shamba yangu kama mtu ako na njaa," alimwambia. "Kuja. Lima hapo chini."

Nanyama akapanda mboga za kwao, saga, mrenda na kunde, akitumia mbegu alizokuja nazo zimefungwa kwenye pindo la leso. Hapo ndipo biashara yake ilipozaliwa. Wapishi na mayaya kutoka magharibi waliofanya kazi Woodley na Hurlingham walikuwa wamechoshwa na kabichi za mabwana zao, na mama huyu alipopita milango ya nyuma na kikapu cha mrenda, walimpokea kama jamaa aliyeshuka kwenye garimoshi la Kisumu. Nyakio mwenyewe aliujaribu mrenda mara moja tu. "Mama Naliaka, hii chakula inateleza kama kamasi!" alisema, nao wakacheka mpaka wakaketi chini. Naye akampelekea mwenzake nduma za kijitoni, mkono ukawa unaenda na mkono unarudi. Wakaitana dada, na hawakuwa wakiigiza.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Asubuhi moja ya mwaka 1954 askari waliwazoa watu wa mtaa ule, Wakikuyu peke yao, na Nyakio akiwamo. Walidai amepeleka chakula msituni kwa wapiganaji wa Mau Mau. Nanyama alisimama kando ya barabara na kikapu chake, hakuna aliyemgusa, maana yeye alikuwa Mkitosh. Jambo hilo lilimwaibisha hata siku ile.

Nyakio alipiga kelele kutoka juu ya lori. "Mama Naliaka! Chunga shamba yangu! Chunga mpaka nirudi!"

"Nitachunga, dada!"

Na alichunga. Ole wake, alichunga kupita kiasi. Alilima lote, juu mpaka chini, kana kwamba Nyakio angerudi jioni kulikagua. Sasa, upande wa juu, pale shamba la Nyakio lilipopakana na la shemeji yake Wainaina, kulikuwa na mstari wa maua makubwa, majani mapana, mizizi yake minene kama vitunguu. Mvua zikinyesha yalichanua meupe yenye michirizi ya waridi. Wakikuyu huyaita matoka. Katikati yake magugu yalijificha na fuko walichimba watakavyo. Kwa Nanyama hayo yalikuwa maua tu, tena maua yanayofuga uchafu. Mpaka wa shamba aliujua: kwao ni ukanda wa nyasi usioguswa na jembe, au miti ya lusiola iliyopandwa na babu. Nani angedhani kwamba watu wazima wanaachia ua lilinde ardhi?

Akamtajia Zedekiah. Zedekiah akamtajia memsahibu wake, na memsahibu akayataka yote kwa ajili ya njia ya kuingilia nyumbani kwake. Nanyama akayang'oa asubuhi moja, akiimba. Zedekiah aliyabeba kwa baiskeli ndani ya magunia, akarudi na blanketi jekundu, zito, alilopewa na memsahibu kwa ajili ya Naliaka.

Wainaina, aliyekuwa mlinzi wa serikali na kwa hiyo hakuzolewa na askari, alikuwa ameketi kwenye kijilima chake wakati huo, bunduki ya ulinzi magotini. Alitazama tangu ua la kwanza hadi la mwisho. Nanyama alipofika mwisho, akajipangusa jasho, Wainaina alimwita.

"Umesafisha vizuri sana, mama Naliaka. Vizuri kabisa."

Sifa zile zilimfurahisha Nanyama kutwa nzima. Baadaye, kila alipozikumbuka, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Miaka ikapita. Wakaja wapima ardhi na minyororo yao pamoja na kamati ya wazee, wakitembea kutoka mpaka hadi mpaka ili kila mtu aandikiwe chake. Walipofika pale hawakuona mstari wowote. Waliona shamba moja safi, lililolimwa sawasawa kutoka kijilimani kwa Wainaina hadi kijitoni. Wainaina akatembea mbele yao hadi majini, na wao wakapima nyuma yake, wakaliandika lote kwa jina lake. Kesho yake akamjia Nanyama kwa upole, akamwambia avune kunde zake zilizobaki, asipande tena.

Nyakio aliachiliwa mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hana. Hakwenda kwanza kwa shemeji yake wala kwa jamaa. Alikuja moja kwa moja kwa Nanyama, wakakumbatiana, wakaenda shambani wameshikana mikono. Njiani Nanyama alimsimulia habari za mvua na za kunde, la shamba hakulifikia. Nyakio alisimama upande wa juu, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Matoka yangu yako wapi?"

"Niliyang'oa, dada. Nilikuwa nasafisha."

 Nyakio aliinama akapapasa udongo kwa vidole, akitafuta mzizi, hata mmoja uliosahaulika. Hakuupata, maana Nanyama hakuwa mtu wa kusahau mzizi.

Wakaenda mbele ya wazee wa kamati. Nanyama alisema kwa sauti yake yote kwamba maua yalikuwapo, na akaonyesha kwa mkono yalipoanzia na yalipoishia. Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, bila ukali: "Mama, wakati unang'oa, ulijua hiyo ni mpaka?"

"Sikujua, mzee. Haki ya Mungu sikujua."

"Basi leo unatuonyesha mpaka gani?"

 Nanyama angesema alijua, angekuwa mwizi. Alisema hakujua, na ushahidi wake ukafa papo hapo. Wainaina alikuwa akitazama viatu vyake. Wazee walimpa Nyakio kipembe cha kujenga kibanda katika kijiji ambamo serikali ilikuwa imewakusanya watu wakati wa Hatari, na maneno yakaisha.

Nanyama hakulala vizuri tena chini ya paa lililokuwa na lile blanketi jekundu. Mvua zilipoanza alimsihi Zedekiah, na kwa kuwa Zedekiah naye roho ilimsuta, alichimba tunguu moja la matoka kando ya njia ya memsahibu, akalileta limefungwa gazetini, likiwa na chipukizi la kijani. Nanyama alilitia kikapuni, akaenda kijijini kwa Nyakio.

Alimkuta mlangoni, akiosha sufuria. Kibanda chake kilibanwa na vibanda vingine kila upande, hata maji ya sufuria aliyamwaga kwenye nafasi isiyozidi upana wa mkeka. Nanyama akapiga magoti, akalifungua gazeti.

"Nimekuletea, dada. Ni lako."

Nyakio alilichukua kwa mikono miwili. Akaligeuza, akaondoa udongo wa Karen kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Hakukuwa na hasira machoni pake, na hilo ndilo lililomchoma Nanyama kuliko tusi.

"Asante, mama Naliaka," alisema, akalirudisha kikapuni. "Lakini nitaipanda wapi?"