Medali yake, mate yangu

Jamani, mutoto wa kaka yangu amepewa medali leo, na mi bado nina wasiwasi naye.

Huyo Zawadi ni mwanasayansi. Anasema anasoma jeni kwenye kompyuta, ule urithi ulio ndani ya mwili. Bon, sawa.

Mwaka jana alikuja pale nauzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akakata vipande vya mikia, akatia ndani ya vichupa, samaki akaniachia. Soko yote ikanong'ona: huyu analoga!

Leo sherehe ilikuwa kwenye kompyuta yake, sisi tuko sebuleni. Wakataja jina lake, watu wakasimama, makofi tele. Halafu kwenye skrini nikaona beseni yangu ya bluu, ile ya kuuzia samaki! Kumbe medali ni ya kusoma jeni za wale sambaza wangu wa ziwa Kivu. Nililia kidogo, nisiwadanganye.

Nikamuletea chakula. Yeye akatoa kichupa kingine.

"Tantine, shangazi yangu, tema mate humu. Sasa nasoma jeni za watu."

Mate yangu? Si ndiyo kitu mulozi anatafuta kwanza?

Toka saa ile nacheka na mdomo umefungwa.

We ungetema?