Dang'a ya Siku ya Kwanza

Mke wangu alisubiri ndama jike kwa miaka mingi. Ng'ombe wetu alikuwa akizaa madume matupu, na kila dume tuliliuza sokoni Mlalo kabla halijaota pembe. Huku kwetu Lukozi hakuna malisho ya kumwachia mnyama. Ng'ombe hukaa zizini nyuma ya nyumba, majani tunayakata kingoni mwa shamba na kumpelekea. Ng'ombe mwenyewe sasa amezeeka. Mke wangu alitaka apate mrithi wake, amlee kwa mikono yake akiwa bado na nguvu za kubeba majani.

Asubuhi aliyozaa ng'ombe huyo kulikuwa na ukungu mzito. Nilimwinua ndama mkia, nikaita, "Jike!" Mke wangu akaja mbio, mikono imejaa unga, anacheka kama msichana.

Kisha nikafanya nilichokuwa nikimwona baba akikifanya. Nilikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, karibu yote. Dang'a ukiichemsha huganda kama yai, ukaikata kwa kisu, na mtaani kwetu ng'ombe akizaa majirani hutarajia kipande. Baba alikuwa akisema kwamba dang'a nyingi humharisha ndama, kwa hiyo aonje tu, ashibe baadaye maziwa yakishakuwa meupe.

"Mwachie mtoto anyonye kwanza," mke wangu alisema.

"Anyonye aharishe? Wewe umeanza kufuga lini?"

"Tangu ulipoanza kukoroma mimi nikienda kukata majani."

Tulicheka wote wawili. Lakini ndoo nilikuwa nayo mimi.

Jirani mmoja, akimalizia kipande cha pili, aliniambia, "Mzee, huyu angekuwa anazaa kila Jumapili, nisingenunua nyama tena." Nilijisikia mtu mkubwa.

Siku ya tatu ndama alishindwa kusimama. Alikuwa anaharisha maji, macho yameingia ndani, masikio ya baridi. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, binti aliyehamia kwetu kutoka Tanga. Alifika na bodaboda, buti zimejaa matope.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Hata hakukaa. "Dang'a alinyonya saa ngapi?"

Nilimtazama ndama. Mke wangu alinitazama mimi.

"Alionja," nikasema.

Akamtoa ndama damu shingoni, akaisimamisha kwenye kichupa dirishani. Tulikunywa chai tukiingoja. Damu ikaganda chini, juu yakabaki maji ya njano. Alidondosha tone moja la maji yale kwenye kichungulio kidogo cha kioo, akakielekeza mlangoni penye mwanga, akanipa nitazame. Niliona kivuli na mwanga vimekutana kwenye mstari.

"Angekuwa ameshiba dang'a, mstari huo ungekuwa juu," alisema. "Protini za damu yake ni chache mno."

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Protini kwangu zilikuwa maharage, mayai na nyama, vitu vya kujenga mwili. Sikujua kwamba nyingine ni walinzi. Daktari alieleza taratibu, bila kunisimanga. Walinzi hao ng'ombe huwatengeneza dhidi ya maradhi aliyokutana nayo, mengi yakiwa ya zizi hilohilo. Akikaribia kuzaa, walinzi hutoka kwenye damu yake na kujaa kwenye dang'a. Ndama huzaliwa akiwa karibu hana walinzi. Utumbo wake huwapitisha mpaka kwenye damu siku ya kwanza tu, halafu hujifunga.

"Bado yanatoka ya njano kidogo," mke wangu alisema. "Nikimkamulia sasa hivi?"

"Yataishia tumboni, mama. Kwenye damu hayafiki tena."

Alimwekea ndama maji ya dripu na kumchoma sindano, akatuambia tumfunike gunia. Hakutuahidi kitu.

Nimeliwaza sana jambo hili. Kilichoganda kwenye sufuria yetu, nikakikata vipande na kusifiwa, kilikuwa ni hao walinzi wenyewe. Baba simlaumu. Ndama wake wengi walikufa, na yeye alisema ni kijicho cha watu. Hakuwa na wa kumwambia vingine. Mimi nilikuwa naye, amesimama pembeni yangu na mikono yake ya unga, nikamfanyia mzaha.

Ndama alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Nilimzika upande wa chini wa shamba. Niliporudi mke wangu alikuwa anakamua. Maziwa yalikuwa meupe kabisa, mazuri, na mengi kuliko tulivyozoea.

"Ulijua nilikuwa namtaka kiasi gani?" aliuliza, bila kugeuka.

"Nilijua."

Akaendelea kukamua. Nilichukua panga nikaenda kukata majani, na tangu siku hiyo kazi hiyo ni yangu.