Aliyesimama Kando ya Mkeka

Binti yake ndiye aliyenipigia simu Jumatatu asubuhi. "Mzee ametutoka," akasema. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa polisi mstaafu wa Nateete, mjukuu wa mtawala wa mwisho wa nchi ndogo iliyobanwa kati ya falme mbili kubwa. Babu zake walikuwa wakimpelekea mfalme mmoja mkubwa majembe ya chuma na nguo za magome ya miti, naye akawaachia ngoma yao, mabaraza yao na makaburi yao. Wazungu walipokuja, wakaiandika nchi hiyo kuwa wilaya tu ya yule mkubwa. Siku moja nilimtupia methali: mkono usioweza kuukata, ubusu. Hakuipenda. "Hapana, ssebo, bwana wangu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Sisi hatukubusu mukono ya mutu. Tulilipa, tukarudi nyumbani kulima."

Falme zilizokuwa zimefutwa na serikali ziliporudishwa, miaka kadhaa baada ya vita vya msituni, ugomvi wa kale wa nani yuko chini ya nani nao ulirudi. Watu wa ukoo wake walijazana sebuleni kwake wakimtaka asihudhurie sherehe ya mfalme mkubwa. "Ukienda, wewe ni mutumwa," mpwa wake akamwambia. Alikwenda. Huko akaonyeshwa mkeka wa machifu wa wilaya, akakataa kuketi. Akaambiwa basi aondoke. Hilo nalo akalikataa. Akasimama pembeni, juani, alasiri nzima, na magoti yake mabovu ya uzee. Nilipomuuliza alipata nini, alicheka kidogo. "Nilipata kuchoka." Ukoo ukamwita mtumwa, watu wa mfalme wakamwita mwenye kiburi, na wote wakaacha kubisha hodi kwake.

Mazishini walifika wote, wakaanza kubishana nani azungumze kwanza. Binti yake akasimama. "Muzee alikuwa hapa miaka yote, hamukuja. Sasa mumuzike tu." Wakashika sepetu.

Tunawajua vizuri waliopigana na waliosujudu. Hawa tunawacheka, wale tunawaimbia. Mnyonge aliyelipa alichotozwa akabaki na jina lake hatuna la kumwambia. Nimechoka kusikia wadogo wakiulizwa kwa nini hawakupigana. Tuwaulize waliokoa nini, na tuwaulize wangali hai.