Nilivyojaza uongo kwenye daftari la uji wa mama yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, kuandika ndiyo sijazoea. Ninachokileta leo kilinitokea mwenyewe, nyumbani kwetu Kasingirima, na sijapunguza sehemu zinazonichafua. Nilichobadilisha ni majina tu. Nimeandika kwa vipande, kati ya kazi moja na nyingine, mkiona panaruka mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, mwanaume wa miaka thelathini na sita, sina mke kwa sasa (hiyo stori yake ni ndefu, tuiache). Kwa mama tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu Tatu, ambaye ameolewa Ilagala na kazi yake ni kukausha dagaa. Baba alishatangulia.

Mama alianguka jikoni masika ya mwaka juzi.

Stroke. Upande wa kulia ukalala wote, mdomo ukapinda, maneno yakapotea. Lakini kilichonitisha zaidi ni kumeza. Ukimpa kijiko cha maji anapaliwa mpaka unadhani roho inatoka. Hospitali wakampitishia mpira puani unaoshuka mpaka tumboni, wakaniambia chakula chote kitapita humo mpaka koo lirudi. Kama litarudi.

Mimi nilidhani mpira ni mambo ya wodini. Kumbe tunaruhusiwa nao kwenda nyumbani.

Siku mbili kabla ya kuruhusiwa alikuja nesi mmoja, nitamwita Sista Devota, mama wa makamo kutoka Kasulu. Akasalimiana na mama kwa Kiha, akavuta kiti, akatueleza kuhusu utafiti. Walitaka kujua kama mgonjwa wa mpira anaweza kushika uzito akilishwa nyumbani na ndugu yake, kwa uji wa vyakula vya hapa hapa kwetu. Kundi moja linapata ushauri wa kawaida na kurudi kliniki. Kundi lingine linafundishwa uji na kutembelewa nyumbani kila baada ya wiki mbili. Nani anaingia wapi ni kura.

Mama akili yake ilikuwa nzima. Alisikiliza yote, akaulizwa mara mbili kama amekubali, akaweka dole gumba la kushoto. Kura ikatupeleka kundi la uji.

Niseme kitu hapa, maana mtaani kwetu kuna waliosema nimemtoa mama afanyiwe majaribio. Hakuna dawa ya ajabu aliyopewa. Ilikuwa uji, mizani na maswali. Maswali mengi sana.

Uji wenyewe ni unga wa mahindi na soya, karanga za kusaga, dagaa waliosagwa mpaka wawe vumbi, na mawese kidogo. Unapika, unachuja kwa kitambaa mara mbili, unampima kikombe. Unamwinua mgonjwa. Unahakikisha mpira uko mahali pake. Unaupitisha polepole kwa bomba kubwa la sindano, unausafisha mpira kwa maji, halafu unamwacha ameinuka nusu saa ndipo umlaze.

Mara sita kwa siku.

Nilipewa na daftari. Kila siku ina visanduku sita, ukimlisha unaweka tiki na kuandika kiasi.

Mlo mmoja, ukihesabu kupika mpaka kuosha vyombo, ni zaidi ya saa nzima. Bado kumgeuza asipate vidonda. Bado kufua. Kumwogesha nilisaidiwa na jirani yetu, Mama Neema, mama wa Kirundi, alikuwa anapita asubuhi kabla hajaenda shamba. Nilijaribu mwenyewe siku moja, mama akafumba macho muda wote na mimi nikawa naangalia ukuta. Mama Neema alipojitolea nilishukuru mno.

Cherehani nikaihamishia sebuleni. Mlango wa chumba cha mama nauacha wazi, na pembeni ya mkono wake mzima nikamwekea kikombe cha bati na kijiko. Akitaka kitu anagonga, naenda.

Kupima uzito ilikuwa hivi. Mama hawezi kusimama, kwa hiyo namnyanyua, napanda naye kwenye mizani nimembeba kama bibi harusi, Sista Devota anaandika. Namlaza. Napanda peke yangu, anaandika tena. Anatoa. Kinachobaki ndiyo uzito wa mama.

Miezi miwili ya mwanzo mama alipanda. Mashavu yakarudi. Majirani wakawa wanapita kuniangalia, wanasema mtoto wa kiume anamuuguza mama yake namna hii hawajawahi kuona. Sitawadanganya, nilizipenda sana zile sifa.

Halafu mwili ukaanza kukataa.

Kuuguza hakuna siku ya kupumzika, na hakuna siku unasema leo nimemaliza. Saa tatu ikiisha unaisubiri saa sita. Nilikuwa nasimama katikati ya chumba nikiwa na kikombe mkononi, nimesahau kama nimeshamlisha au ndiyo natoka kupika.

Uongo wa kwanza ulikuja wakati shule zinakaribia kufunguliwa. Nina sare za watu zimerundikana. Mlo wa saa tisa alasiri nikasema nimalizie kola moja kwanza. Nikaegemea cherehani. Nashtuka, saa kumi na moja.

Nikiunganisha milo miwili atatapika. Nikampa mmoja. Jioni nikafungua daftari, kisanduku cha saa tisa kiko wazi kinanitazama.

Nikaweka tiki.

Wakuu, sikuwaza sana. Mkono uliandika tu.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Mara mbili kwa wiki, mara tatu. Tena mpira ulikuwa unaziba, kuuzibua ni kazi ya kutoa jasho, nikaanza kuongeza maji kwenye uji ili upite haraka. Ukawa maji ya uji. Daftari likaendelea kusema uji kamili.

Alhamisi moja Sista Devota akapima. Akasema tupime tena. Tukapima tena. Akaweka begi lake kwenye mizani kuona kama mizani ina tatizo. Haina. Mama ameshuka.

Akachukua daftari, akapitisha kidole kwenye tiki zote. Hakuna pengo hata moja. Akaenda kuketi kitandani kwa mama.

"Mama, jana saa tisa, mwanao alikupa uji?"

Mimi nimesimama mlangoni. Jana saa tisa sikumpa kitu.

Mama akanitazama. Akanitazama vizuri, kwa lile jicho lake zima. Halafu akamgeukia Sista Devota, akaitikia kwa kichwa.

Ndiyo, alinipa.

Sista Devota akaandika.

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kuachwa, lakini hakuna kilichonichoma kama kichwa cha mama kuitikia siku ile. Nilimsindikiza Sista mpaka barabarani, nikamwambia karibu tena. Nikajiapiza milo yote sita. Nikaweza siku nne. Ya tano nikalala tena.

Ziara iliyofuata alikuja na daktari wa utafiti, kijana mpole, si mtu wa huku. Akapima mkono wa mama kwa utepe, akasikiliza kifua, akapitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Kisha akatueleza, mimi na mama pamoja. Kwa daftari hili mgonjwa anapata kila kitu, lakini mwili unashuka. Maana yake uji haumtoshi. Itabidi atolewe kwenye uji, apelekwe mkoa mwingine kufanyiwa upasuaji, apitishiwe mpira moja kwa moja tumboni. Kwa presha yake hiyo si kazi ndogo. Na wao watakaa kujadili kama uji huu ni salama kufundishwa kwa walezi wengine.

Mama alisikia neno upasuaji. Machozi yakaanza kushuka upande mmoja. Na bado hakunitaja. Hakuninyooshea hata kidole.

Nikasema, "Daktari, uji hauna kosa. Ni mimi simpi."

Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia yote, tiki, maji, kulala.

Yule kijana uso ukabadilika. "Unaelewa kwamba mama yako alikuwa anakwenda kwenye kisu kwa sababu ya tiki zako?"

Nikasema naelewa.

Akaniambia siku zile hazitafutwa kwenye daftari, zitawekewa alama kwamba haziaminiki, na ataandika ripoti. Akatoka nje kupiga simu. Alikuwa na hasira na simlaumu.

Sista Devota akabaki. Nikajua sasa na yeye atanisema. Badala yake akatoa fomu zake za tangu mwanzo, akazipanga juu ya cherehani.

"Njoo uone. Hii safu ni ya mama. Hii nyingine ni yako, huwa tunaiandika kwa ajili ya kutoa tu, hakuna anayeisoma."

Mwezi wa kwanza nilikuwa kilo sabini na moja. Siku ile nilikuwa sitini.

"Nimeiandika kwa mkono wangu miezi mitano," akasema, "na mimi pia sikuiona."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshatoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda wa suruali na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Akaniuliza nani ananisaidia. Nikamtaja Mama Neema. Akasema anauliza ndugu. Nikasema nina dada Ilagala, ana watoto, ana kazi zake. Akauliza kama dada anajua hali ilivyo.

Hajui. Kila Tatu akipiga simu nilikuwa namwambia mama anaendelea vizuri, usihangaike. Kisingizio changu kilikuwa kumwonea huruma. Ukweli ni kwamba sikutaka kugawana zile sifa, na baadaye sikutaka aje aone.

Nikampigia palepale, Sista amesimama.

Tatu alifika kesho yake. Hakuketi. Aliingia kwa mama, akamsalimia, akafunua khanga miguuni, akaona ile miguu ilivyobaki, akamfunika polepole. Akanifuata sebuleni.

"Miezi mitano unaniambia yuko vizuri. Ulitaka nije kuzika?"

Nikamnyooshea daftari.

Hakugombana zaidi ya hapo. Akachukua daftari, akamwomba Mama Neema amwelekeze sufuria ziko wapi. Dagaa zake akamwachia wifi yake, tukakubaliana wiki mbili yeye, wiki mbili mimi. Msidhani tuliishi kama malaika. Tatu haamini uji mwepesi, siku ya kwanza tu aliziba mpira kwa uji mzito kama wa harusini, tukagombana kwa kunong'ona ili mama asisikie. Alisikia.

Mama akaanza kupanda tena, polepole sana. Waliamua abaki kwenye utafiti, siku zangu za uongo zikiwa na alama yake. Sista Devota akawa anampima mama, kisha ananisomea na uzito wangu kwa sauti. Aliniambia sasa anaisoma ile safu kwenye kila nyumba anayokwenda.

Mwezi wa nane tangu tuanze uji, koo likaanza kurudi. Kwanza kijiko kimoja cha uji mzito, kisha viwili. Baadaye mpira ukatolewa. Leo mama anakula ugali laini wa muhogo na mchuzi wa samaki aina ya mgebuka aliyetolewa miiba yote. Sahani moja saa nzima. Kutembea bado, na madaktari hawakutudanganya kuhusu hilo. Maneno yanakuja moja moja.

Alasiri moja, tukiwa wawili, nilimuuliza kwa nini siku ile aliitikia. Nilijua atakumbuka.

Alichukua muda mrefu kulipata neno.

"Ulikuwa umelala."

Akakigeukia kikombe cha bati.

"Sikugonga."

Kikombe na kijiko vilikuwa pale karibu na mkono wake. Alikuwa na njaa, ananisikia nakoroma juu ya cherehani, na akaniacha nilale. Sijui alifanya hivyo mara ngapi. Nilishindwa kuuliza. Akasema "ndarushe", kwa Kiha ni nimechoka, akataka kulazwa. Nikamlaza.

Utafiti uliisha, wale watu hawaji tena, na majibu yenyewe bado hatujaletewa. Mimi nimerudi kilo sitini na sita.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Ukipewa fomu ya mgonjwa, andika kilichotokea, hata kama kinakuaibisha, maana kuna mtu ataamua maisha ya mgonjwa wako kwa kuangalia ulichoandika. Kisanduku kitupu hakina dhambi. Na kama una ndugu anayeuguza mtu nyumbani kwenu, na kila ukipiga simu anakujibu kwamba anaendelea vizuri, usiridhike. Nenda ukamwangalie yeye anayekujibu.

Waliowahi kulisha mgonjwa kwa mpira, au wanaomuuguza mtu sasa hivi, andikeni hapa mmewezaje. Na wa kunisema aniseme, nitasoma zote.

Kujibu nitajibu taratibu. Wiki hii zamu ni yangu.