Bati Kabla ya Wakati Wake

Kazi ya mume wangu ilikuwa kukadiria matumizi ya miradi: mwezi huu mradi utakula nini, mwezi ujao nini, mpaka mwisho. Wiki nzima alikuwa Bunda na Butiama kwenye miradi ya maji. Jumamosi akirudi Musoma, ananipangia na mimi, maana tulikuwa tunajenga kwao Bukima. Mawe sasa, matofali baadaye, bati mwakani.

Na alikuwa anakosea, jamani! Akisema saruji itatosha, inaisha ukuta ukiwa kiunoni. Akisema masika yatachelewa, mvua inatukuta na matofali mabichi. Nilimcheka sana.

"Hivi huko Bunda huwaga wanakulipa kwa makadirio haya haya?"

"Makadirio si unabii, mama watoto."

Ila bati hakukubali kulisogeza. Niligomba, nikanuna, nimechoka kulipa kodi ya chumba Kigera. "Pesa ya mwakani hailiwi mwaka huu," basi, amemaliza.

Halafu akaanza kuumwa. Siku moja alitoka kwa daktari, alikoingia peke yake, tukapita barabara ya Mukendo. Mbele ya duka la vifaa akasimama. "Bati tununue sasa. Mwezi huu huu." Nikapiga kigelegele pale pale, mjinga mimi. Nilidhani nimemshinda.

Mafundi walipomaliza kuezeka, nikamuuliza sakafu lini.

"Sakafu iache. Cha lazima ni paa."

Mama yake alikuwa pembeni anachambua dagaa. Mikono yake ikasimama. Kwao mwanamume aliyefariki hulazwa kwanza ndani ya nyumba yake mwenyewe, ndipo azikwe. Mama alielewa kabla yangu, akaanza kulia bila sauti.

"Daktari alikuambia nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Kwamba haitibiki. Nimekadiria mpaka masika."

Nilimrukia kwa maneno. "Wewe umepatia lini? Saruji ulikosea! Masika yenyewe ulikosea!" Nilipiga kelele mpaka mafundi wakaondoka. Kila usiku nilimwomba Mungu mume wangu akosee tena, akosee kwa miaka.

Tulimlaza sebuleni, jeneza likiwa juu ya udongo mtupu. Nilikaa chini kando yake. Alfajiri mvua ya kwanza ya masika ikaanza kupiga bati, na hata tone moja halikumgusa. Miaka yote nilikucheka, baba watoto. Hili ndilo ulilopatia.