Sindano Begani

Marehemu mke wangu alishona nguo za watu miaka thelathini na minane. Sindano aliichomeka begani, kisha akaitafuta chumba kizima.

"Mzee, hujaona sindano yangu?"

Mimi nacheka tu. Tuliishi hivyo.

Wanafunzi wake wa ushonaji wametaka kumweka kwenye ukurasa wao wa mtandao. Anayeutengeneza ni mjukuu wangu, mama wa watoto wawili sasa. Nikampa picha iliyo kwenye simu yangu. Alipoikuza kwenye kompyuta, uso wa bibi yake ukawa vigae vigae.

"Babu, picha ndogo hii."

"Ndogo vipi? Imejaa kioo."

"Imejaa kioo cha simu. Nukta zake chache, nikiikuza kila nukta inanenepa. Uliipata kwa nani?"

"Nilimtumia shangazi yako. Yangu ikafutika, akanirudishia. Ikafutika tena, akanirudishia tena."

"Basi. Kila ikisafiri inapunguzwa. Ile ya mwanzo iko wapi?"

Nikatazama mlango wa chumbani. Iko kwenye simu ya marehemu, kabatini, ndani ya kopo la vifungo. Aliizima mwenyewe asubuhi ile ya mwisho, akalala. Sikutaka kidole kingine kiiguse.

"Bila hiyo, babu, bibi ataonekana hana sura."

Nilikaa kitandani na lile kopo hadi chai ikapoa. Mwishowe nikaiwasha mimi.

Picha ilikuwa pana ajabu. Mjukuu akavuta bega karibu, na sindano ile pale, na uzi wake wa buluu.

Mara akaanza kuipunguza.

"We mchumba, una akili timamu? Umenisumbua nitafute kubwa, sasa unaipunguza?"

"Ikibaki hivi ukurasa utakuwa mzito, watu watangoja wachoke. Jora ukilikata unapata kiraka, babu. Viraka havirudi kuwa jora."

Bibi yake angemwelewa. Mimi niliambulia nusu, na hiyo nusu sina hakika nayo. Nikatazama ile aliyoipunguza.

"Sindano imepotea tena," nikasema.

Akacheka, kisha akafuta macho. Akaniwekea zote mbili: ndogo inakaa kwenye ukurasa, ukiigusa inafunguka kubwa. Moja iko ndani ya nyingine, au nyuma yake, sijui.

Kila asubuhi naigusa. Inakuja polepole kutoka juu: kilemba, paji la uso, miwani. Nangoja bega.