Pete Iliyovuliwa Kilioni

Katika soko la Kalemie, ukifika mezani kwa Séraphine Kapinga na bei yako kichwani, unaondoka na bei ya Séraphine. Ndagala zake, samaki wadogo wa ziwani, zilipanda treni hadi Kabalo, vitenge na sabuni zake zilivuka ziwa kutoka Kigoma, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "basi, chukua tu." Kidoleni hakuvaa kitu. Wanawake walioketi naye kilioni, mumewe alipokufa, walijua sababu, na hawakumuuliza.

Zamani alikuwa na pete. Ilikuwa pete ya kizungu, ya miaka ya kabla ya vita vyao vya kwanza: almasi moja katikati, lulu ndogondogo zimeizunguka, dhahabu imelika upande wa kiganja. Mama yake, Victorine, alikuwa mpishi wa madamu mmoja Mbelgiji. Mwaka wa sitini, Wazungu walipokuwa wanakimbia, madamu alimlilia Victorine amtafutie mtumbwi wa kwenda Kigoma. Victorine aliyatazama machozi, kisha akakitazama kidole. Mtumbwi ukapatikana. Séraphine alipoisimulia habari hiyo hakuongeza upendo ambao haukuwepo. Pete ilinunuliwa, basi, na Victorine alipokufa ikawa ya binti yake.

Halafu mume wa Séraphine, Kizito, karani wa reli, akafa kwa homa. Ndugu zake walikuja kutoka Mpala, mbele yao Hubert, kaka mkubwa. Walilia vizuri. Walipomaliza kulia wakaanza kubeba: kitanda, cherehani, redio, sufuria. Séraphine alikuwa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, kama mjane anavyotakiwa kukaa. Hubert akachutama, akamshika mkono.

"Shemeji, na hii."

"Hiyo ya mama yangu, Papa Hubert. Kizito alinikuta nayo."

"Mama yako alikuwa anakwangua masufuria ya Wazungu. Mupishi anapata wapi almasi?"

Watu wengine walicheka, kilioni. Hubert akakitemea mate kidole cha Séraphine, akaivuta pete mpaka ikatoka na ngozi ikachubuka.

Tangu siku hiyo Séraphine alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alianza na mafungu ya ndagala kwenye gunia lililotandazwa chini, akapata meza, akapata kibanda chenye kufuli. Watoto walisoma. Wachumba walikuja, akawarudisha. Watu walisema Mungu amemfariji. Hawakumjua. Kila jioni akifunga kibanda alikuwa anamfikiria Hubert, kwa utulivu, jinsi mtu anavyofikiria shamba litakalovunwa.

Kwa sababu ya ulimi wake, familia za mjini zilizoea kumwomba awe msemaji wao siku ya mahari. Mara nyingi alikataa; ilikuwa kazi ya kupoteza sauti bure. Papa Basile alipomjia kwa ajili ya binti yake Lucie, alikataa pia. Mke wa Basile, Mama Anne, ndiye aliyemgeuza, tena bila kujua.

"Wakwe zetu wanatoka Mpala," alisema. "Baba wa kijana anajitapa huko kwamba atatufunga midomo sisi watu wa Kalemie. Eti ataleta pete ya almasi ya madamu wa Kizungu."

"Baba wa kijana anaitwa nani?"

"Hubert. Wa mtumbwi wa moteri, ule usiotaka kafi."

Séraphine aliendelea kupanga sabuni zake. "Mwambie Papa Basile nitasema."

Ukoo wa Basile ulikuwa na taratibu zake. Msemaji wa upande wa binti huketi ndani, nyuma ya pazia la mlango, wageni wasije wakamlainisha kwa macho. Kila sahani ya mahari ikifunuliwa, anauliza: kitu hiki kimetoka mkononi mwa nani, na kuna mtu anayekililia? Kitu kinacholiliwa hakiingii nyumbani. Na sahani ikishafunuliwa hairudi na wageni. Ikibaki tupu, wataijaza papo hapo, la sivyo hakuna ndoa.

Siku ilipofika, wageni walipanda kutoka ufukoni wakiimba, Hubert ndani ya suti mpya ya abakosti, mwanawe Pontien nyuma yake. Ua ulijaa. Séraphine alikuwa amewaalika wanawake wa soko waje kupika, na alijua kwa nini amewachagua wale.

Vitenge vilifunuliwa, vikapita. Majembe, yakapita. Kisha Hubert akaifunua sahani ndogo mwenyewe, taratibu. Ua mzima ukasema "Eee!"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Hiki kimetoka mkononi mwa nani?"

"Mkononi mwa mama yangu mzazi!"

"Kuna mtu anayekililia?"

"Nani atalia? Hii njo mali ya ukoo wetu, Mama. Muulize muntu yeyote wa Mpala."

"Mpala ni mbali. Nitauliza wa hapa."

Pazia likasogea. Séraphine akatoka, akasimama mbele yake, akamwacha amtazame mpaka amtambue. Hubert akashusha mkono uliokuwa unaonyesha pete.

"Waliokaa na mimi kilioni kwa Kizito wasimame," alisema Séraphine.

Wakasimama jikoni, mmoja mmoja, mikono ina unga. Mwenye umri mkubwa kuliko wote akasema, "Papa Hubert, ulimutemea mate. Mimi niliona."

"Mambo ya matanga yalikwisha!" Hubert alifoka.

"Sema ilitoka mkononi mwa nani."

Hubert alimtazama Basile. Basile alikuwa anatazama miguu yake. Akamtazama mwanawe. Pontien alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwa... shemeji yangu."

"Binti wa mupishi gani?"

"Mwa binti wa Victorine," akanong'ona. Akarudishwa aseme tena, kwa sauti.

Séraphine akaichukua pete, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, kama mtu anavyofunga chenji ya chumvi. Hakuivaa. Watu wakapumua, wakidhani imekwisha. Hata Hubert alianza kukaa.

"Sahani ni tupu, Papa Hubert."

"Nitatuma mbuzi."

"Mbuzi mahali pa almasi? Mimi nauza sokoni kila siku, usinichezee. Moteri."

"Moteri njo maisha yangu!"

"Na cherehani ilikuwa ya nani?"

"Mama, unataka kunimaliza."

"Ndiyo."

Alilisema bila kupandisha sauti. Mama Anne akamvuta nguo, akimkumbusha kwamba hapa kuna harusi. Séraphine hakugeuka. Kijana hakumvuta mtu kidole, hilo alilijua. Lakini bei ilikuwa imetajwa.

Pontien ndiye aliyeinua kichwa. "Papa, toa," alisema. "Toa, nimuoe. Kama hutoi, mimi sirudi na wewe Mpala."

Vijana wa Basile waliifungua moteri mtumbwini, wakaipandisha mabegani hadi uani. Lucie akapigiwa vigelegele, na Séraphine alipiga kimoja, kirefu, kwa sababu kazi ya msemaji ni hiyo pia.

Asubuhi wazee wa Mpala walisukuma mtumbwi majini. Hubert alivua abakosti, akashika kafi. Ziwa lilikuwa limelala. Séraphine alikuwa amesimama ufukoni na Mama Anne, mikono kiunoni.

"Sasa moyo umetulia?" Anne aliuliza.

"Bado," alisema Séraphine. "Ngoja upepo uamke."